Wamemwagana! Sawa, lakini nani kamwaga nani?

Leo sina siasa wala mpira. Nina neno moja tu, na mliolipia nusu saa hapo kafe nawaomba mnivumilie mpaka chini, maana neno lenyewe liliwahi kunitia kwenye soo ambalo sijalisahau mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 2019, kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Shangazi aliuliza mbona siku hizi dada yetu mmoja, binti wa mama mkubwa, haonekani na mumewe kwenye shughuli za familia. Mhusika mwenyewe hata hajafungua simu, mimi nikajitia kimbelembele. Nikaandika: "Wale walishamwagana zamani, tuwaache wapumzike." Watu wakaweka vikatuni vya kulia, shangazi akaandika "poleni", tukahamia kwenye mchango wa harusi. Nikadhani yameisha.

Wiki tatu baadaye, saa mbili usiku, simu ikaita. Dada. Hakunisalimia hata.

"Mdogo wangu, nani kakwambia sisi tumemwagana? Mimi nimetelekezwa. Nimeachiwa watoto wawili. Na leo shemeji yako yuko Mbagala anauza nyumba, anawaonyesha watu ujumbe wako kwamba hata ndugu zangu wanajua tulishamwagana!"

Jamani... shemeji alikuwa bado yumo kwenye kundi la ukoo. Hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Tangu siku ile neno hili nikilisikia nakaa kimya kwanza. Leo nataka tulichambue, tuone linatoka wapi, linatumikaje, na kwa nini silaumbi tena hovyo.

NENO LENYEWE

Kumwaga kila mtu anakujua. Unamwaga maji, unamwaga mchele, unamwaga taka. Kitu kilikuwa ndani ya chombo, sasa kiko chini. Wahenga wakasema maji yakimwagika hayazoleki, na pia penye kuku wengi usimwage mtama. Mtu akiharibu kazi mpaka akafukuzwa tunasema kamwaga unga. Maana zote zina harufu ya hasara ndani yake.

Mtaani tukalichukua tukalipeleka kwenye mapenzi. Jamaa kammwaga demu wake, maana yake kamwacha. Dada kammwaga mshkaji, vilevile. Aliyeachwa "kamwagwa". Na wote wawili kwa pamoja "wamemwagana".

Waliolisambaza sana ni magazeti ya udaku. Wale wa umri wangu mtakumbuka miaka ya 2000, asubuhi watu wamejazana mbele ya meza ya muuza magazeti wanasoma vichwa vya habari bure. Fulani na Fulani WAMWAGANA! Kichwa cha habari hakina nafasi, hivyo "wamemwagana" inakatwa inakuwa "wamwagana", neno moja limejaa ukurasa wa mbele. Ukitoka hapo unapanda daladala ukiwa na habari kamili, japo ndani ya gazeti hujaingia. Nani kafanya nini, kwa sababu gani, hujui na wala hujali.

Angalizo dogo la lugha hapa. Msichanganye kumwaga na kubwaga. Kubwaga ni kutupa chini kitu kizito, kama mpagazi anavyobwaga gunia. Ndiyo maana kocha akijiuzulu wanaandika "abwaga manyanga". Kwenye mapenzi nalo hutumika, "ambwaga mchumba wake". Herufi moja tu imebadilika, lakini picha ni tofauti. Anayebwaga amechoka na mzigo. Anayemwaga anataka chombo kiwe kitupu, pengine kuna kingine anataka kukitia!

NDUGU ZAKE

Kumwaga halipo peke yake. Tuna kutema, kupiga chini, kutosa, kupiga kibuti. Hebu tazama picha zake moja moja. Muwa unautafuna, utamu ukiisha unatema makapi. Kitu cha kutosa kinatupwa majini kizame. Cha kupigwa chini ulikuwa umekishika mkononi. Na kibuti, si unajua tena, mguu unahusika.

Mmeona kitu gani kinafanana? Kila neno lina mtu mmoja anayetenda na mwingine anayetendwa. Muwa haumtemi mtafunaji. Maji hayaimwagi ndoo. Mtaa ulipotunga maneno haya ulikuwa unasema ukweli mmoja mchungu, kwamba mara nyingi mapenzi hayaishi kwa watu wawili kukaa mezani wakakubaliana. Mmoja ndiye huamua, mwenzake anapewa taarifa.

Sasa sisi tukachukua neno la namna hiyo, tukalipachika "-ana" mwishoni.

HIYO "-ANA" INAFANYA NINI?

Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kauli ya kutendana. Kupendana, kusalimiana, kusaidiana. Mimi nakutendea wewe, na wewe unanitendea mimi. Tuko sawa.

Lakini chukua neno "kupigana". Ukifika kituoni ukasema "mimi na jirani tumepigana", askari anawatazama wote wawili kwa jicho moja. Ukisema "nimepigwa na jirani", kesi nyingine kabisa. Tukio ni lilelile, ngumi ni zilezile. Herufi tatu zimebadilisha nani ana kosa.

"Wamemwagana" ni hivyohivyo. Ukilisema, umeshagawa lawama nusu kwa nusu bila kuuliza. Umesema mume kamwaga na mke kamwaga, ngoma droo. Inawezekana ni kweli. Wapo wanaochokana wote, wakagawana vyombo, wakabaki wanasalimiana vizuri tu. Hao wamemwagana kweli, sina ubishi. Lakini na yule aliyeamka asubuhi akakuta kabati la mwenzake tupu naye tunamwambia wamemwagana. Yeye alimwaga nini?

Nisiwe mwongo, "-ana" ina wema wake pia. Mtu aliyeachwa akiulizwa kwenye msiba au harusini, "mwenzio yuko wapi?", anajibu "tulishaachana". Hataki kusema "niliachwa". Ile "-ana" inamsitiri, inafunga maswali, anaendelea kula pilau lake kwa amani. Akiitumia mwenyewe juu ya jambo lake, ni haki yake. Shida inaanza pale ninapoitumia mimi juu yake, au pale aliyemwaga anapojificha chini ya shuka hilohilo.

KUOA, KUOLEWA, KUMWAGA

Kuna jambo lingine linalonifurahisha kwenye neno hili, na lazima nilipe sifa yake.

Kiswahili cha wazee wetu kina mpangilio wake. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, wao wanaoana. Ikivunjika, mwanamume anaacha, mwanamke anaachwa au anaachika. Ukisikia "fulani ameachika" hata kabla ya kutajiwa jina unajua ni mwanamke. "Ameachika" hiyo ilikuwa inamfuata kama kovu, wakati "ameacha" ya mwanamume ilikuwa habari ya siku mbili.

Maneno ya mtaani hayakufuata mpangilio huo. Binti anammwaga kaka, kaka anapigwa kibuti, na watu wanacheka sawa kwa wote. Mwanamke amekuwa mtendaji wa kitenzi! Wanaosema maneno ya vijana ni uhuni tu, hapa wafikirie tena. Kwa hiyo sisemi tuache kulitumia. Nasema tulitumie tukijua lina ncha mbili.

LUGHA YA MTAA NA LUGHA YA SHERIA

Tunafika pale neno liliponikamata mimi. Kwa wapenzi wasio na ndoa wala watoto wala kiwanja, mkimwagana mmemwagana, mnafutana namba maisha yanaendelea. Kwa walio kwenye ndoa, mtaa hauna mamlaka ya kuvunja chochote.

Kwa Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo, mke na mume walio hai wataachana kwa amri ya mahakama. Anayetaka talaka kwa kawaida anaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na kwa hati hiyo unakwenda mahakamani. Mahakama inatakiwa iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mpaka hapo, hata kama hamjaonana miaka kumi, nyie bado ni mume na mke.

Na kwa ndugu zetu Waislamu, talaka ina hesabu na taratibu zake. Kuna talaka rejea, ambayo mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya eda, kuna ile ya tatu, na kuna khului ambapo mke ndiye anayetaka kujitoa. Huko maneno hayachezewi, likitamkwa limetamkwa. Lakini hata hapo, kwa Bara, talaka iliyotolewa kidini bado inahitaji kupita baraza na mahakamani ndipo sheria ya nchi iitambue. Zanzibar ni habari nyingine, sheria hii ya 1971 haitumiki kule, na mambo ya ndoa za Waislamu yanakwenda Mahakama ya Kadhi.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Sheria hiyo imeorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Yamo uzinzi, ukatili na mengineyo. Lakini yapo mawili yanayokaa jirani kabisa. La kwanza ni mmoja kumtelekeza mwenzake kwa makusudi kwa angalau miaka 3. La pili ni wawili kutengana kwa hiari kwa angalau miaka 3.

Mmeona? Kutelekezwa, na kutengana. Mmoja katenda, au wote wametendana. Ile "-ana" ya mwalimu wa Kiswahili imekaa ndani ya sheria! Dada alikuwa anasema la kwanza. Shemeji alikuwa anasema la pili. Na shahidi wa shemeji nilikuwa mimi, kwa sentensi moja niliyoandika nikisubiri chai.

KILICHOTOKEA MBAGALA

Dada na shemeji walifunga ndoa bomani mwaka 2008. Wakajenga nyumba ya vyumba vitatu. Shemeji alinunua kiwanja, dada alikaanga chapati na maandazi kila alfajiri, hela ikawa ya saruji na ya fundi. Mwaka 2016 shemeji akapata kazi Mwanza. Mwezi wa kwanza akatuma pesa, wa pili akatuma, baadaye akawa hapokei simu. Mwaka 2018 dada alizidiwa, akapangisha ile nyumba, akaenda Morogoro kwa mama mkubwa na watoto. Hizo habari zote nilikuja kuzijua baada ya kuandika, siyo kabla.

Shemeji aliporudi Dar na mnunuzi, walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akauliza, "Mke yuko wapi?" Shemeji akajibu walishamwagana, akatoa simu. Bahati nzuri mpangaji mmoja alikuwepo, ndiye aliyempigia dada.

Jumatatu dada akashuka na basi la kwanza kutoka Morogoro, nikampokea, tukaenda wote. Nilitakiwa nieleze ujumbe ule. Mbele ya watu kama kumi na mbili, mnunuzi akiwemo, mwenyekiti akaniuliza swali moja tu:

"Wewe ulikuwepo walipomwagana?"

Nikasema hapana.

"Uliambiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeniambia. Niliona hawako pamoja nikajaza mwenyewe. Nilimwangalia dada, alikuwa anaangalia sakafu.

Mwenyekiti akamgeukia shemeji. "Mimi kumwagana sikujui. Lete karatasi ya mahakama." Kwa sheria ileile ya 1971, nyumba ya ndoa mmoja haiuzi wala haiweki rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Mnunuzi akasikia hivyo, akachukua kofia yake.

Baada ya hapo wakapita baraza, halafu mahakamani. Shemeji akashikilia kwamba walikubaliana kutengana. Dada akaleta namba alizopiga zisipokelewe, na risiti za ada alizolipa peke yake. Talaka ikatoka mwaka 2021. Nyumba yote hakupata, alipata sehemu yake, pamoja na amri ya matunzo ya watoto. Matunzo yenyewe yanakuja mwezi huu, mwezi ujao hayaji, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Msomaji anaweza kuuliza, na mama wa nyumbani ambaye hana chapati wala biashara? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kupika, kufua, kulea. Kwa hiyo ukisikia "huyo hakuchangia kitu", jua kuna hukumu ya zaidi ya miaka 40 inayosema vingine.

Na wale ambao hawana cheti wala shela, waliohamia tu wakaishi? Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, inachukuliwa kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na hata akithibitisha, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Hivyo "sisi hatukuoana, tumemwagana tu" siyo mwisho wa maneno.

TULITUMIEJE BASI?

Mimi sasa nina kanuni zangu tatu, mkiona zinafaa chukueni.

Kwanza, la mtu mwingine simpi "-ana" mpaka nimsikie mwenyewe. Nikiulizwa nasema "sijui, muulize yeye". Inaudhi wambea, lakini haimuumizi mtu.

Pili, mwenye jambo lake akisema "tumeachana", namwachia neno lake. Simrekebishi kwamba aliachwa. Kama anajisitiri, asitirike.

Tatu, kwenye karatasi, kwenye ujumbe, au mbele ya kiongozi yeyote, naandika tukio na tarehe, siandiki misimu. "Aliondoka mwezi wa tatu 2016, hajarudi." Hapo hakuna wa kugeuza.

Nyuma kwenye kundi la ukoo niliandika ujumbe mwingine kurekebisha ule wa kwanza. Uliosomwa ni na watu wachache, si unajua habari ya kwanza ndiyo hukimbia. Dada alinisamehe, ila mpaka leo nikimpigia ananitania: "Haya, leo umemmwaga nani?" Nacheka, lakini inachoma.

Ni hayo tu kwa leo, wadau. Uwanja ni wenu. Huko kwenu mtu akiachwa mnasemaje, na neno lenu linasema nani kafanya nini? Walioko Mombasa, Bujumbura na Bukavu nawasubiri kwa hamu. Matusi hapana, majina ya watu hapana.